Namba tisa wa Kibongo wamekwenda wapi? Misimu miwili mfululizo mfungaji bora ni kiungo

#1 Chaki ya Pembeni
Wakuu, salaam.

Kuna kitu kinanikera. Msimu wa 2023/24 kiatu cha mfungaji bora wa ligi kuu alibeba Stephane Aziz Ki, magoli 21, nyuma yake Feisal Salum na 19. Wote viungo. Msimu wa 2024/25 akaja Jean Charles Ahoua na 16. Kiungo tena. Namba tisa, wale washambuliaji wa kati walioajiriwa kwa kazi moja tu, kuweka mpira wavuni, walikuwa wapi?

Ukirudi nyuma ndiyo utachoka kabisa. Tambwe wa Burundi 2013/14 na 2015/16. Okwi wa Uganda 2017/18. Kagere wa Rwanda mara mbili mfululizo, 23 kisha 22. John Bocco 2020/21 na 16, huyo wa kwetu. Kisha Mayele wa Kongo 2021/22, na 2022/23 Mayele tena, akigawana na Saido 17 kwa 17.

Msimamo wangu: makocha wetu wa vijana hawafundishi kufunga. Wanafundisha mbio na pumzi. Karibuni mnipinge.

#2 Kigoda Mbele
Mimi nimekaa paleee na karanga zangu. Wataalamu tiririkeni.

#3 Mchimbaji wa Geita
#1 usitupore mchana kweupe. 2021/22 hakuchukua Mayele. Alichukua George Mpole wa Geita Gold, magoli 17, Mayele 16. Yanga walibeba ubingwa, kiatu kikaja mkoani kwetu. Mbongo halisi, timu isiyo na basi la kutangazwa kwenye magazeti. Na umemruka Simon Msuva, 2014/15 alimaliza na 17.

#4 Chaki ya Pembeni
#3 Mpole aingie kwenye orodha, ni haki yake. Ila Msuva ni winga, naye anathibitisha hoja yangu. Na Mpole baada ya pale akaenda Lupopo kule Lubumbashi. Hapa ndani akabaki nani?

#5 Mwana Chandimu
Mnatafuta mchawi kwa makocha wakati tatizo linaanza mtoto ana miaka saba.

Goli la chandimu, mpira wa watoto mtaani, ni mawe mawili, katikati hatua mbili, na kipa hakuna. Mtaani kwetu goli la mbali lilikuwa halihesabiwi, lazima usogee mpaka karibu na mawe. Anayesifiwa ni nani? Aliyepiga chenga watatu, akamrudia wa kwanza akampiga tena tobo, halafu akausukuma mpira kwa kisigino huku anacheka. Aliyesimama karibu na mawe akigongesha tu anaitwa mvizia. Tena ni tusi, mvizia hapewi pasi.

Sasa huyo mvizia ndiye namba tisa wenu! Tumemfukuza uwanjani akiwa darasa la pili. Mnakuja kumtafuta akiwa na miaka 22, mnakuta wote wamekuwa namba kumi.

#6 Dk. Mpira
#5 umeandika vizuri, lakini Brazil nao wanacheza vigoli vidogo mtaani na Romario na Ronaldo walitoka kule kule. Kwa nini vigoli vya mawe viue washambuliaji wa Temeke visiue wa Rio?

#7 Mwana Chandimu
#6 kwa sababu mtoto wa Rio anatoka mtaani anaingia timu ya watoto yenye nyavu, kipa na kocha. Wetu anatoka kwenye mawe anaenda moja kwa moja kwenye ndondo, mashindano ya mtaani ya wakubwa, na kule anakutana na beki mwenye ndevu.

#8 Tisa Mstaafu
Niseme kama mtu aliyecheza nafasi hiyo, si kwenye luninga.

Nilicheza namba tisa timu moja ya daraja la kwanza, jina tuliache. Mazoezi ya kumalizia yalikuwa hivi: tunapanga foleni pale nje ya 18, kocha msaidizi anakutengea mpira, unapiga, unarudi nyuma ya foleni. Beki hakuna. Kipa ni yule wa tatu, amechoka, mikono kiunoni. Ukifunga unashangiliwa.

Siku ya mechi mpira haujawahi kuja vile hata mara moja. Unakuja umekuangukia begani, beki amekushika jezi kwa nyuma, uwanja una kichuguu, una nusu sekunde, na hujui kipa amesimama wapi kwa sababu hukutazama kabla. Hicho hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe nikiwa nimechelewa.

La pili ni jukwaa. Kiungo akipoteza pasi kumi hakuna anayekumbuka. Namba tisa akikosa goli moja dakika ya 12, mpaka dakika ya 20 wanaimba "toa huyo". Mechi ya tatu nimekosa, kocha akaniambia niende pembeni kulia "upumzike na presha". Sikurudi katikati tena. Na niliona vijana wawili baada yangu wakifanyiwa vile vile.

#9 Mnyama Mkali
#8 pole kaka. Ila kupaisha nako kulizidi, sema ukweli 😂

#10 Tisa Mstaafu
#9 nilipaisha. Kile kichuguu nimekisema makusudi.

#11 Beki Kisiki
Mimi nilikuwa upande wa pili, namba nne. Niwaambie beki anaogopa nini, maana hapa kila mtu anataja mbio na nguvu.

Mwenye mbio simwogopi, namwachia hatua mbili namsubiri kwenye boksi. Mwenye nguvu tunasukumana, refa anaamua. Ninayemwogopa ni yule ambaye krosi ikiwa inakuja simwoni. Macho yangu yako kwenye mpira kule pembeni, yeye amesimama nyuma ya bega langu. Nikigeuka kumtafuta, mpira unapigwa. Nikitazama mpira, yeye anatoka. Anaanza na hatua moja kama anakwenda nguzo ya mbali, nami nasogea naye, kisha anakata mbele yangu nguzo ya karibu. Hatua moja tu, nimekwisha.

Katazameni goli la Samatta Wembley, Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi, akiwa Aston Villa dhidi ya Manchester City. El Ghazi anaurudisha mpira kwa kichwa kutoka nguzo ya mbali, Samatta anainama anaugonga kwa kichwa. Ukitazama goli tu utasema rahisi. Tazameni anapokuwa kabla mpira haujafika kwa El Ghazi. Anfield kwa Liverpool hivyo hivyo, Novemba 2019 akiwa Genk: kona inakuja, anawahi mbele ya mtu wake, kichwa, wavuni.

Huu mwendo hauhitaji uwanja wa nyasi bandia. Unahitaji mtu wa kukuambia upo.

#12 Chaki ya Pembeni
#11 asante. Ndicho nilichosema #1, kufundishwa.

#13 Wakili wa Mfumo
Hapana, subirini. Mnajadili kana kwamba hili ni tatizo la Tanzania peke yake.

Siku hizi timu nyingi zinaingia na mshambuliaji mmoja tu, nyuma yake viungo watatu wa kushambulia. Mawinga wanachezeshwa upande usio wa mguu wao, mwenye mguu wa kushoto anawekwa kulia, kwa hiyo wanaingia ndani na kupiga wenyewe. Krosi zimepungua. Namba tisa kazi yake imekuwa kuwavuta mabeki wawili ili Aziz Ki apate nafasi ya kupiga shuti kutoka mita ishirini. Ukimhesabia magoli peke yake unamwonea.

Tena si jambo jipya. Mwaka 1953 Hungary waliipiga Uingereza 6-3 pale Wembley, Hidegkuti amevaa jezi namba tisa lakini anacheza chini, mabeki wa Uingereza hawajui wamfuate au wabaki. Hidegkuti mwenyewe alifunga matatu. Mei 2009 Guardiola akamweka Messi katikati kwa mtindo huo huo pale Bernabéu, Barcelona wakaifunga Real Madrid 6-2. Hispania fainali ya Euro 2012 wakaanza na Fabregas mbele, wakaifunga Italia 4-0.

#14 Dk. Mpira
#13 halafu akaja Haaland, magoli 36 kwenye ligi msimu wa 2022/23, kwa kocha huyo huyo Guardiola. Kwa hiyo mfumo haujaua namba tisa. Wakipata wa kweli wanamtumia.

#15 Wakili wa Mfumo
#14 Haaland mmoja haondoi hoja. Na Ahoua usisahau alikuwa mpigaji wa penalti.

#16 Mnyama Mkali
#15 penalti ni goli. Au mlitaka ahesabiwe nusu?

#17 Mtetemo
Makolo wa Simba wameanza kutetea matuta 😂😂 Sisi tulimwona Mayele, magoli 7, mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika 2022/23. Nchi nzima ilitetema kama yeye anavyoshangilia goli, mpaka harusini.

#18 Mnyama Mkali
#17 na aliondoka, utopolo wa Yanga mkabaki mnatetema kwa baridi.

#19 Msimamizi
#16 hadi #18, jukwaa la utani lipo. Turudi kwenye mada.

#20 Mvuvi wa Likoni
Nawasalimu kutoka Mombasa. Majirani, nasi tunalia kilio hicho hicho, ila tuna Olunga. Huyu mnamjua: Cairo 2019 aliwafunga mawili, tukashinda 3-2.

Lakini kisa chake kinavuruga nadharia zenu zote. Hakulelewa kwenye akademia ya Ulaya tangu utotoni. Ni kijana wa shule, Upper Hill ya Nairobi, kisha chuo akasomea uhandisi. Alikwenda Sweden, China, Hispania, na kule Japani ndiko alikolipuka. Novemba 2019 alifunga magoli manane katika mechi moja, Kashiwa Reysol 13, Kyoto Sanga 1. Mwaka uliofuata akawa mfungaji bora wa ligi kuu ya Japani na 28, na mchezaji bora. Sasa niambieni, ni chandimu, ni kocha au ni nini?

#21 Kigoda Mbele
#20 ni urefu. Mtu kama mnazi.

#22 Bwana Lishe
#21 umetania lakini umegusa penyewe. Watoto wetu wanakua kwa ugali na chai ya rangi. Miaka 16 mwili haujajaa, kocha anamtazama anamwambia nenda winga. Namba tisa ni mwili, jamani.

#23 Mzee wa Karume
Vijana, mnaandika kama mpira ulianza na simu za mkononi.

Abdallah Kibadeni alikuwa mfupi. Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0, yeye peke yake matatu, na mpaka leo hakuna mwingine aliyefunga matatu katika mechi ya watani. Alikuwa na mwili gani? Kiuno na akili. Hata huko Ujerumani Gerd Müller hakuwa mrefu, alikuwa na mapaja.

Peter Tino ndiye aliyesawazisha kule Ndola mwaka 1979, 1-1 na Zambia, tukaenda Fainali za Afrika za 1980 Lagos. Kule Lagos alifunga Thuwein Ally. Baadaye akaja Zamoyoni Mogella. Na mnaohesabu magoli 16 kama mengi, Mohamed Hussein "Mmachinga" alifunga 26 mwaka 1999 akiwa Yanga. Kagere na ubora wake wote aliishia 23.

Tulikuwa tunakula huo huo ugali, Bwana Lishe.

#24 Bwana Lishe
Shikamoo mzee. Na samaki mlikuwa mnapata, sasa hivi bei yake unaijua?

#25 Mzee wa Karume
Marahaba. Hapo umenishinda.

#26 Mtunza Hesabu
Mimi naona wote mnazunguka mbuyu. Ni pesa.

Ligi inaruhusu wageni 12 kwa timu. Klabu kubwa ikitaka kiungo mkabaji inaweza kumvumilia kijana msimu mzima ajifunze. Ikitaka namba tisa inamtaka anayefunga Jumamosi hii, maana kuna hatua ya makundi Afrika na fedha za CAF. Kwa hiyo nafasi ya kwanza kwenda kwa mgeni ni ile ya mbele. Kijana wa Kibongo anaingia dakika ya 85, timu inaongoza 3-0, anaambiwa "kimbiza mabeki". Atafunga lini?

Bocco alipewa muda Azam, alikua pale pale tangu kijana. Hilo tu ndilo tofauti.

#27 Mtetemo
#26 na Clement Mzize? Ametoka timu ya vijana ya Yanga, amecheza mbele ya wageni hao hao, 2024/25 kamaliza na magoli 14. CHAN ya Agosti 2025 aliipiga Madagascar yote mawili, 2-1. Hakusubiri mtu amwonee huruma.

#28 Mtunza Hesabu
#27 Mzize mara ngapi amewekwa pembeni ili mgeni akae katikati? Umejibu swali langu mwenyewe.

#29 Mtetemo
Kuanzia pembeni si adhabu. Henry naye aliwahi kuwa winga.

#30 Kadogo wa Lubumbashi
Jambo bandugu. Nasoma tu, lakini mnamtaja Samatta kama alitoka Mbagala akaangukia Uingereza. Alikaa huku kwetu Mazembe tangu 2011 hadi mwanzo wa 2016. Alikuta Mputu, alikuta Kalaba, ilibidi asubiri. Mwaka 2015 akawa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa, magoli 7, na fainali na USM Alger alifunga nyumbani na ugenini. Wakati huo ndio Genk walimchukua.

Huku mshambuliaji hasemwi kwa kukosa, anasemwa kwa kujificha. Ukikosa tano ukaitaka ya sita, watu wanakupenda. Labda ndiyo maana mnatununua.

#31 Tisa Mstaafu
#30 umenigusa. Hapa kwetu ukikosa mbili unaanza kujificha nyuma ya beki kwa makusudi ili usipewe pasi. Nimeyafanya hayo.

#32 Mchimbaji wa Geita
#30 na Shabani Nonda je? Naye alipita Simba kabla ya Ulaya.

#33 Mzee wa Karume
Yanga, si Simba. Katikati ya miaka ya tisini. Kisha Afrika Kusini, Uswisi, Rennes, Monaco. Msimu wa 2002/03 mfungaji bora wa Ufaransa, magoli 26. Mzaliwa wa Bujumbura, akaichezea Kongo. Tulikuwa naye pale Jangwani, watu wanakula mihogo pembeni ya uwanja.

#34 Dada wa Nyavu
Samahanini akina kaka, nimesoma posti thelathini na tatu, hakuna hata mmoja aliyetaja wanawake.

Clara Luvanga anafunga Saudia akiwa na Al Nassr. Aisha Masaka alikwenda BK Häcken ya Sweden, akacheza Ligi ya Mabingwa ya wanawake Ulaya, kisha Brighton ya Uingereza. Wote washambuliaji. Wamekulia nchi hii hii, viwanja hivi hivi, ugali huu huu. Na wasichana wana makocha wachache kuliko nyie, viatu vichache kuliko nyie, na nyumbani wanaulizwa kwa nini wanacheza.

Sasa #5, mawe yako yamewaacha vipi? #22, lishe imewapitaje? #1, nani aliwafundisha?

#35 Kigoda Mbele
Karanga zimeniponyoka.

#36 Mwana Chandimu
#34 jibu ninalo: msichana akicheza na wavulana mtaani hapewi nafasi ya kupiga chenga, akigusa mara mbili anaangushwa. Anajifunza kupiga mapema. Mvizia halali.

#37 Dada wa Nyavu
#36 nimecheza na wavulana mtaani na nilikuwa napiga chenga vizuri tu. Tafuta jibu jingine.

#38 Mtunza Hesabu
Ligi ya wanawake nafasi ya mbele bado haijajaa wageni kama ya wanaume. Narudi palepale, muda wa kucheza.

#39 Dada wa Nyavu
#38 wageni wapo na wanafunga. Lakini wewe angalau umejaribu.

#40 Dogo wa Umisseta
Shikamooni. Niko kidato cha nne, nacheza namba tisa timu ya shule. Tatizo langu nikibaki na kipa peke yetu miguu inaganda. Naona kama goli limekuwa dogo. Nifanyeje? Mashindano yanakaribia.

#41 Tisa Mstaafu
Marahaba dogo. Amua kabla ya kufika. Ukiwa hatua kumi na tano nyanyua kichwa mara moja, mtazame kipa, chagua upande, kisha usimtazame tena. Wanaoganda ni wanaobadili mawazo mguu ukiwa hewani. Na usipige kwa nguvu, sukuma kwa ndani ya mguu kuelekea nguzo ya mbali. Kipa akipangua, mpira utarudi mbele ya goli na mwenzako atamalizia.

#42 Beki Kisiki
#41 hapo sawa, lakini dogo, ukichelewa hatua hizo kumi na tano mimi nimeshafika. Weka mwili wako kati yangu na mpira kwanza. Kata mbele ya njia yangu. Nikikugusa ni penalti na kadi, na mimi najua, kwa hiyo nitapunguza mwendo. Ndipo utapata huo muda wa kuchagua.

#43 Dogo wa Umisseta
Asanteni. Na kama kipa hatoki, amebaki kwenye mstari?

#44 Dada wa Nyavu
Akibaki kwenye mstari amekuachia goli zima. Sogea mpaka karibu na nukta ya penalti, piga chini, karibu na miguu yake. Kuinama ni kugumu kuliko kuruka.

#45 Mzee wa Karume
Mzungushe kabisa, uingie nao.

#46 Tisa Mstaafu
Mzee, uwanja wa shule una mchanga, akimzunguka mpira utambakia nyuma. Dogo, piga kabla kipa hajatulia.

#47 Mnyama Mkali
Dogo, msikilize dada wa #44. Huyo wa #46 ninamfahamu, Jumapili kwenye mechi ya maveterani alipaisha kipa akiwa amekaa chini anafunga kamba za viatu.

#48 Tisa Mstaafu
Mpira ulidunda.